Si kila mji wa Marekani una mahakama katikati

Kuna ujumbe unaozungushwa tena na tena kwenye magrupu: eti sheria ya Marekani iliagiza kila mji ujengwe kuzunguka mahakama. Hakuna sheria hiyo. Uwanja wa mahakama ni wa mji ulio makao makuu ya kaunti (sehemu ya jimbo, kama wilaya), na mara nyingi viwanja vilivyouzwa kandokando yake ndivyo vilivyolipia ujenzi.

Fungua ramani ya setilaiti uangalie Shelbyville, Tennessee, uliopimwa 1810: mahakama iko katikati, maduka pande zote nne. Kisha tazama miji ya zamani ya New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani; pale katikati utakuta uwanja wa kijani na kanisa. Connecticut, jimbo mojawapo la huko, hata serikali za kaunti haina.

Filamu hurudia sura ileile ya mji wenye mahakama katikati, ndiyo maana tunachanganyikiwa. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.