Marufuku ya uwindaji haikutosha kumwokoa nyangumi raiti

Wengi hudhani nyangumi raiti wa Atlantiki ya Kaskazini yuko salama kwa kuwa kumwinda kulipigwa marufuku tangu 1935. Sivyo: wamebaki chini ya 400. Kinachowaua sasa ni kugongwa na meli, na kamba za madema, yaani mitego ya kuvulia kambakoche.

Kamba inayoshuka kutoka kwenye boya hadi dema lililo chini humnasa mdomoni au mkiani, ikazidi kuzama nyamani huku akiikokota kwa miezi. Hata asipokufa, mzigo huo humla mafuta mwilini, na jike aliyekonda hashiki mimba. Hasara hii, kubwa mno, haihesabiki kwenye mizoga.

Kwa meli, dawa ni mwendo: Marekani huzitaka zenye urefu wa mita 20 na zaidi zisizidi mwendo wa noti 10 (kama kilomita 18.5 kwa saa) katika maeneo na misimu ya nyangumi hao.