Kiganja cha Bibi Kina Gramu Ngapi?

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaotaka kugeuza mapishi ya ukoo wao kuwa biashara ndogo ya chakula, na kauli ninayoisikia kupita zote, mara nyingine kabla mteja hajaketi vizuri, ni hii: “Mapishi yetu hayapimwi, bibi alipika kwa mkono, nasi tunapika kwa mkono.” Husemwa kwa fahari, kana kwamba mizani ni tusi kwa marehemu. Ukweli ni kwamba bibi alipima kila siku. Alipima kwa kiganja kilekile, kikombe kilekile na sufuria ileile kwa miaka 40, na kipimo kilipokosea alikirekebisha kwa ulimi kabla chakula hakijaandaliwa. Anayemrithi ana kiganja kingine na sufuria nyingine, na keshokutwa atamwajiri msaidizi ambaye hajawahi kuonja chakula cha bibi huyo hata mara moja. Huyo atafuata nini?

Vikombe na vijiko navyo havitoshi. Kikombe cha unga wa ngano kinaweza kuwa na gramu 120 ukiujaza taratibu kwa kijiko, na kikafika 150 ukiuchota na kuushindilia. Kijiko cha chumvi laini nacho huwa kizito kuliko kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe. Ndiyo maana ninawahimiza wateja wanunue mizani ya dijitali kabla ya kuchora bango la biashara, na wengine hunitazama kana kwamba nimewaambia wauze shamba. Ikiwa mpishi mzee bado yu hai, mfuate jikoni na upime chombo cha kila kiungo kabla hajachota na baada ya kuchota, bila kumkatiza, kwa kuwa tofauti ya uzito ndiyo kiasi alichotumia. Rudia zoezi hilo mara tatu au nne kwa siku mbalimbali. Vipimo vyake vitabadilika, na huwa vina sababu: nyanya za siku hiyo zilikuwa chachu, au vitunguu vilikuwa na maji mengi. Sababu hizo nazo ziandikwe.

Dhana hii ina pacha wake, yaani imani kwamba anayepikia watu 6, akitaka kupikia 60, azidishe kila kitu kwa 10. Viungo vikuu huzidishwa, naam, lakini moto na mvuke havitii hesabu hiyo. Sufuria yenye umbo lilelile na ujazo wa mara 10 ina uwazi wa juu ulioongezeka kwa takriban mara 4.6 tu, kwa hiyo kila lita ya mchuzi hupunguza maji kwa chini ya nusu ya kasi ya awali. Mpishi huona mchuzi ni mwepesi, huendelea kuchemsha, harufu ya viungo hutoroka na mvuke, chakula huungua chini, kisha lawama humwangukia muuza viungo. Tumia sufuria pana badala ya ndefu, punguza maji tangu mwanzo, na upande kwa hatua, mara 2, mara 4, kisha mara 10, ukionja na kuandika kila unapopanda. Sufuria kubwa huchelewa hata kupoa: ikiachwa usiku kucha hubaki kwa saa nyingi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambamo bakteria hustawi, na sumu ya kutapisha ya Bacillus cereus, mmoja wa bakteria hao, haiondoki kwa kupasha chakula moto asubuhi.

Hapo hujibiwa kwamba familia imekila chakula hicho miaka yote na hakuna aliyeugua. Kililiwa siku hiyohiyo! Chakula kinachofungwa katika chupa na kuuzwa baada ya miezi miwili ni kitu kingine kabisa, kwa sababu mahali pasipo na hewa, ikiwa pH (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua) inazidi 4.6, Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu inayoweza kuua, anaweza kukua, na spora zake, yaani mbegu zake sugu, hustahimili maji yanayochemka. Huuawa kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Kitunguu saumu ndani ya mafuta, kisicho na uchachu wa kutosha na kilichofichwa hewa, ndicho ninachokiogopa zaidi. Pima pH kwa kifaa au upeleke sampuli maabara.

Bei ni hesabu tu. Anayetaka faida ghafi, yaani bei ukitoa gharama, iwe asilimia 40 ya bei, huku gharama yake ikiwa 60, haongezi asilimia 40 apate 84; hugawanya 60 kwa 0.6 akapata 100. Ujira wake mwenyewe umo ndani ya hiyo 60, ingawa karibu kila mtu huusahau.

Wapo pia wanaokataa kuandika chochote wakihofia kuibiwa. Katika nchi nyingi hakimiliki hailindi orodha tupu ya viungo, na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hukulazimu kuutangaza uvumbuzi wako, nayo hudumu kwa kawaida miaka 20. Kinachobaki ni siri ya biashara, inayolindwa kwa mkataba na kwa kumkabidhi msaidizi mchanganyiko wa viungo uliokwisha kupimwa, jambo lisilowezekana ikiwa kipimo kimo kiganjani mwako. Viungo vinavyoweza kuleta mzio, kama karanga, maziwa, mayai na ngano, havimo katika siri hiyo: msaidizi avijue, na mnunuzi avisome kwenye lebo.