Huna mkataba wa maandishi? Bado una kesi

"Hukusaini chochote, utashtaki nini?" Maneno haya yamewarudisha wengi nyumbani, na si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye atoe mkataba wa maandishi. Akishindwa kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Kwa hiyo nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) na ulichonacho: meseji za mshahara kwenye simu, taarifa ya michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kitambulisho cha kazi, hata mlinzi aliyekuwa akikufungulia geti kila asubuhi, awe shahidi. Nyaraka zitoe nakala, uzipange kwa tarehe.

Kinachoua kesi nyingi ni kalenda: ukiachishwa kazi, una siku 30 tu za kuwasilisha fomu ya malalamiko CMA.