Mipira mitano kwa mechi: risiva anafanyaga nini muda wote huo?

Msimu uliopita, baada ya mechi ya Ijumaa usiku, mama mmoja Mkongo alinifuata pale kwenye uzio, mwanae anacheza kwangu, akaniuliza bila kuzunguka: "Kochi, mutoto yangu anakimbia tu, mupira hawamupe, sasa iko anafanya kazi gani pale?" Nikacheka, halafu njiani narudi nyumbani nikaona hili swali lina maana kuliko yote ninayoulizwaga na wazazi. Nafundisha marisiva wa high school hapa Kentucky, mwaka wa tisa sasa, na kila nikiwaeleza Waswahili wenzangu kazi hii naanzia pabaya, naanza na kudaka. Kudaka ndo kitu cha mwisho kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kukaa akaiangalia futiboli ya Kimarekani: waidi risiva, sisi tunasema risiva tu, ni yule anayesimama pembeni karibu na mstari wa uwanja, mpira ukianza anachomoka mbele na kwotabaki, yule mrushaji, anamtafuta. Anayemkaba anaitwa konabaki, au beki tu kwa kifupi. Basi, hayo yanatosha kwa leo.

Sasa chukua Jerry Rice. Hakuna ubishi wa maana hapa, ndo risiva mkubwa kuliko wote, misimu 20 ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, yadi 22,895 za kudaka, na anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana 17,492, yaani kaachwa yadi zaidi ya 5,400 ambazo peke yake ni kazi nzima ya risiva mzuri tu. Rice alidaka mipira 1,549 kwenye mechi 303 za msimu wa kawaida. Gawanya. Unapata mitano na kidogo kwa mechi! Na timu kwa mechi moja inacheza mara sitini hivi. Kwa hiyo hata yeye, mfalme wao, mara hamsini na kitu alikuwa anakimbia tu na mpira hawampi, au anawazuia wapinzani ili mwenzake apite na mpira. Nilipomwambia yule mama hivyo akaniangalia kama namtania.

Kazi yenyewe ni kuachana na beki. Risiva ana njia anazokimbia, tunaziita ruti, na mfumo wa zamani ambao mpaka leo nautumia unazipa namba, sifuri mpaka tisa, zile shufwa zinakata kuingia ndani ya uwanja, zile witiri zinaenda nje, na tisa ni moja kwa moja, kimbia usiulize. Ukiziangalia ubaoni ni kama mti wenye matawi. Mtoto wa miaka 14 anazikariri kwa siku mbili. Shida iko hapa: hatua za mwanzo za ruti zote lazima zifanane. Kama ukienda tisa unaondoka kwa nguvu ila ukienda nne, ile ya kwenda mbele kisha kusimama na kugeuka, unaondoka kinyonge, konabaki ameshakusoma kabla hujafika popote, na konabaki mzuri haangalii macho wala kichwa, anaangalia nyonga, kwa sababu kichwa kinadanganya lakini nyonga ikigeuka na mwili wote umegeuka.

Ndo maana nasema ngumu kuliko zote ni kusimama. Watu wanalipwa kwa kukimbia, kila mtu anajua, lakini kusimama! Uko mbio kamili, inabidi ushushe makalio, kifua kibaki juu ya magoti, upige breki kwa hatua mbili tatu na usiinuke, maana ukiinua kifua tu yule nyuma yako anajua unasimama na yeye anasimama nawe, mko wawili tena, umekimbia bure. Ukifanya sawasawa unamwacha kwenye mataa, anapita na wewe uko pale peke yako.

Rice ndo alikuwa fundi wa hicho. Kwa saa ya kupimia hakuwa na mbio za kutisha, namba zinazotajwa za yadi 40 ni kati ya sekunde 4.6 na 4.7, na kwa risiva hiyo ni ya kawaida sana, maskauti wengi, wale watafuta vipaji wa timu, wakamtilia shaka. Tena alikuwa anatoka Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi kule Itta Bena, siyo mahali timu kubwa zilikuwa zinapiga kambi. Kwenye dirafti ya 1985, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, marisiva wawili walichaguliwa kabla yake, Al Toon wa kumi na Eddie Brown wa kumi na tatu. Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alikuwa na nafasi ya 28, ya mwisho kwa sababu walikuwa mabingwa, akafanya biashara na New England akapanda mpaka ya 16 ili ampate.

Watu wanapenda ile hadithi ya matofali, kwamba baba yake alikuwa fundi mwashi na watoto walikuwa wanarushiana matofali juu kwenye jengo, ndo akapata mikono. Ni kweli alifanya hiyo kazi. Ila mimi naipenda zaidi ile nyingine: akiwa shule pale Mississippi alitoroka darasa, naibu mkuu wa shule akamfuma kwa nyuma, kijana akashtuka akatimua mbio, na kwa zile mbio akapelekwa kwa kocha wa futiboli. Adhabu ikawa kazi.

Na hiyo mikono ya matofali ilimtupa mwaka wa kwanza pale 49ers. Alikuwa anadondosha mipira mpaka mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Hapa ndo nawaambiaga vijana wangu wakilia: alikuwa bado anafikiria ruti, na ukiwa unafikiria miguu, mikono inasahau. Mfumo wa Walsh ulikuwa wa saa, kwotabaki anarudi hatua tatu au tano akizihesabu na anaachia mpira risiva akiwa hata hajageuka, yaani harushii mtu, anarushia mahali, ukichelewa nusu hatua anayefika kwanza ni beki. Desemba ya mwaka huohuo kikamuingia, akadaka yadi 241 dhidi ya Los Angeles Rams usiku mmoja. Msimu uliofuata yadi 1,570, kisha kwenye mtoano dhidi ya Giants yuko peke yake anaelekea kufunga, hakuna mtu karibu, mpira ukamponyoka mwenyewe. Walipigwa 49 kwa 3. Mwaka 1987 akafunga tachidauni 22, yaani kufika na mpira mpaka eneo la kufunga, kwa mechi 12.

Kitu ambacho watu hawakizungumzii kabisa ni mzunguko wa mpira. Joe Montana, kwotabaki wa 49ers, alikuwa anatumia mkono wa kulia, alipoumia kiwiko akaingia Steve Young ambaye ni wa kushoto, na mpira wa mkono wa kushoto unazunguka kinyume, unavyokuja mkononi unataka kutokea upande mwingine. Risiva aliyeshazoea miaka sita inabidi aanze kujifunza upya. Rice alijifunza, wakafunga pamoja tachidauni 85.

Mazoezi yake nje ya msimu yalikuwa balaa, kuna njia ya kilima Edgewood, kusini ya San Francisco, maili mbili na nusu za kupanda, alikuwa anaipanda mbio, na wachezaji wa timu nyingine walikuwa wanakuja kujaribu naye na wengine wanatapika njiani. Na mazoezini kila akidaka, hata kampira ka yadi sita, alikuwa anakimbia nako mpaka mstari wa kufunga. Ubishi gani huo! Ila tusimfanye malaika, mwaka 2015 mwenyewe alisema kwenye kipindi cha ESPN kwamba alikuwa anapulizia glavu kidawa cha kunata, kitu ambacho ligi ilishakipiga marufuku tangu 1981, halafu akasema kila mtu alikuwa anafanya. Wengine wa enzi zake wakakana. Mikono yake haikuhitaji gundi, ndo kinachoniudhi.

Nirudi kwa swali la mama. Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 1989, Cincinnati wanaongoza 16 kwa 13, zimebaki dakika tatu na kidogo, 49ers wana yadi 92 za kwenda. Rice siku hiyo alidaka mara 11 kwa yadi 215 na akachukua tuzo ya mchezaji bora. Sasa wamebakiza yadi kumi, sekunde 39, kila mtu uwanjani anajua mpira ni wa Rice. Kabla ya mpira kuanza Rice anahama upande, macho ya mabeki yanamfuata, na John Taylor, ambaye mechi nzima hajadaka hata mmoja, anaenda katikati anadaka, mchezo umekwisha, 20 kwa 16. Rice pale alifanya nini? Alitembea tu. Nimeionesha hiyo klipu kwa vijana wangu mara zisizo na idadi.

Miaka 12 Rice hakuwa amekosa mechi kwa jeraha, halafu mechi ya kwanza ya 1997 kule Tampa goti likachanika kano. Akarudi Desemba, miezi mitatu na nusu tu, akadaka tachidauni na katika kuanguka kifuniko cha goti hilohilo kikapasuka. Alilazimisha, mimi naona hivyo, leo daktari yeyote wa timu angemfungia kabatini. Lakini miguu ya kusoma ruti haizeeki haraka kama miguu ya mbio: mwaka 2002 na Oakland Raiders, ametimiza 40 katikati ya msimu, alidaka 92 kwa yadi 1,211. Hiyo ni ligi ambayo chama chake cha wachezaji husema wastani wa kazi ni miaka mitatu na kitu, timu inabaki na watu 53 na marisiva kati yao ni watano au sita, na mwisho wa Agosti wengine wote wanakabidhi vifaa vyao na kwenda nyumbani.

Mwaka 2004 ile rekodi yake ya kudaka angalau mpira mmoja mechi 274 mfululizo ikakatika, wakamhamishia Seattle, na 2005 akajaribu Denver. Walimwambia atakuwa mtu wa nne au wa tano kwenye foleni, akaona basi. Alikuwa na miaka 42.

Mtoto wa yule mama ana 15. Mbio anazo kuliko Rice, namwambia ukweli. Kusimama ndo bado, anainua kifua kila mara, kwa hiyo Jumanne tunaanza na hicho, bila mpira.