Rangi mpya haibebi gari: dhana potofu kuhusu MGB na wenzake

"Fundi, bodi ni safi, sili tu ndizo zimeliwa kidogo." Kauli hii huniijia kutoka kwa karibu kila aliyenunua MGB ya wazi, yaani gari la spoti la Uingereza lisilo na paa, tena baada ya kulipa, ikiambatana na picha ya rangi nyekundu inayong'aa. Sili, yaani mihimili iliyo chini ya milango, zikishaliwa na kutu, hakuna bodi safi. Nianze na hilo, maana ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Wengi wanaamini sili ni bati la urembo chini ya mlango: kata palipooza, bandika jipya, piga rangi. Sivyo. MGB iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Gari lisilo na paa linabebwa na sili mbili pamoja na handaki la katikati inamopita propela shafti. Kwa nje unaona bati moja tu. Ndani yake kuna bati jingine lililosimama wima, kisha sili ya ndani iliyoungana na sakafu, na chini kabisa reli inayofunga vyote. Zikichomelewa pamoja zinakuwa boksi, na hilo boksi ndilo linalozuia gari lisipinde katikati. Boksi la kadibodi ukilichana ubavu mmoja linalegea lote. Na hili ni hivyo hivyo.

Sasa fundi wa haraka anafanyaje? Sili ya nje inapita nyuma ya fenda ya mbele na kuzama ndani ya fenda ya nyuma. Kuifikia yote ni lazima ufungue fenda ya mbele, ambayo bolti zake zina ukorofi wake, na ukate sehemu ya chini ya fenda ya nyuma. Yeye hana muda huo. Anachukua bati la kufunikia, analichomelea juu ya kutu kati ya fenda na fenda, anapiga puti (lipu ya kujazia mashimo), anapiga rangi. Kutu inaendelea kula ndani, gizani, na wewe umeshalipa.

Kabla hujanunua, simamisha gari kwenye sakafu tambarare, funga milango, kisha tazama mwanya kati ya mlango na fenda ya nyuma. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeshalala katikati. Weka jeki mahali pake chini ya sili, upandishe taratibu. Bati likibonyea kabla gari halijanyanyuka, shusha jeki, mshukuru muuzaji, nenda zako. Sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa itakuambia puti iko wapi: pale isiponata.

Kazi yenyewe inavyotakiwa: bodi isawazishwe na ishikiliwe vizuri mbele na nyuma. Chomelea chuma cha muda kukingama nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kata upande mmoja tu. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, bodi inajikunja itakavyo, nawe utaichomelea ikiwa imepinda. Shika bati jipya kwa nukta chache za kuchomelea, ning'iniza mlango, fungua, funga, pima mwanya, ndipo umalizie. Wapo wateja wanaonung'unikia malipo ya kuning'iniza na kutoa mlango mara kwa mara. Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Mwisho puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Nimeyakuta yamezibwa kwa puti.

Midget na Sprite, magari madogo ya spoti ya jamii hiyo hiyo, zina maradhi yale yale. Zile za kabla ya 1964 zina jingine: springi za nyuma zimeshikwa na bodi mbele ya ekseli. Pale pakioza, ekseli haina pa kujishikia.

Kuna wanaokimbilia Lotus Elan, gari jingine la spoti la Uingereza lenye bodi ya faibaglasi, wakisema faibaglasi haiozi. Kweli haiozi. Lakini chini yake kuna chesisi ya bati la chuma lililokunjwa, na hiyo inaoza sawasawa, hasa mbele. Krosimemba ya mbele, yaani mhimili wake wa kukingama, ndiyo pia tangi la vakyumu la kuinulia taa zinazojificha. Taa zikigoma kukaa juu, usilaumu mipira ya vakyumu peke yake.

Elan hiyo hiyo inawaumbua wanaodai gari la spoti lazima liwe gumu. Lilikuwa na springi laini, shokapu za kuzituliza na tairi nyembamba, na bado linasifiwa kwa kona. Gari lisilofika kilo 700 ukilifunga springi ngumu linarukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Tairi pana nazo zinafanya usukani uwe mzito na kumaliza beringi. Badilisha bushi zote, ongeza mafuta kwenye shokapu za mkono (za wenzo) za MGB, endesha kwanza, kisha uje tuongee springi. Wengi hawarudi.

Injini ya V8 itazamisha pua ya MGB? Hapana. Kiwanda chenyewe kiliuza MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, na injini ile ya Rover ya cc 3528, kwa kuwa ni ya alumini, haikuwa nzito kuliko ya chuma ya silinda 4. Hangaikia breki na kupoza injini. Na sili, bila shaka.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, unatukanwa bure mara nyingi. Mkondo unarudi kwenye betri kupitia bodi. Ukipaka rangi mahali ethi (waya wa kurudishia mkondo) inapofungwa, umeukata mwenyewe. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kwenye faibaglasi kila taa inahitaji waya wake wa ethi.

Petroli isiyo na madini ya risasi haijaua valvu za watu wanaoendesha kistaarabu. Siku silinda hedi inafunguliwa kwa sababu nyingine, weka viti vigumu vya valvu, basi. Cha kuogopa ni E10, petroli ya kawaida ya Uingereza tangu Septemba 2021, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Inakula mipira ya zamani. Jaza E5, yenye ethanoli hadi asilimia 5, na ubadilishe mipira yote ya mafuta kuanzia kwenye tangi hadi kwenye kabureta, hata ile inayoonekana mizima.