Kitunguu kulala ni nini?

Mkulima akisema vitunguu vyake "vimelala", anazungumzia shingo: pale majani yanapokutana na kichwa pamelegea, na majani yameanguka yenyewe. Hiyo ndiyo alama ya kitunguu maji kilichokomaa, na iaminiwe kuliko ukubwa wa kichwa au hesabu ya siku. Aina zilizozoeleka kama Red Creole na Bombay Red huchukua kama siku 90 hadi 120 tangu kupandikiza miche, lakini tuta moja na jengine hupishana kwa maji, udongo na mbolea.

Sababu iko ndani. Kitunguu kinapokua, kila jani jipya hupenya katikati ya shingo na kuikaza. Kikishatosha, huacha kutoa majani. Chakula huteremka kichwani, shingo hubaki tupu katikati, na majani hayana tena cha kuyasimamisha.

Upepo wa kusi na mvua navyo huangusha majani, na huko siko kulala. Kamata shingo kwa kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya kichwa. Ikibonyea, kimelala kweli. Ikiwa ngumu, bado. Ncha za manjano si ushahidi, kwani hata kiu na wadudu huzileta.

Wapo wanaoyakanyaga majani ili waharakishe. Tafadhali msifanye hivyo. Shingo iliyovunjwa mbichi hubaki na maji, ukungu hupata pa kuingilia, na kitunguu huoza kuanzia juu huku kwa nje kikionekana kizima.

Nusu ya tuta ikilala, acha kumwagilia. Ikifika robo tatu, ng'oa siku ya jua, umande ukishakauka. Legeza udongo pembeni kwanza. Kwenye ardhi ya maweni tumia kijiti na mkono, maana jembe likikwaruza kichwa hakikai. Usikawie: kitunguu kilicholala kikikutwa na mvua ardhini huota mizizi mipya na ganda hupasuka. Ndiyo maana Unguja na Pemba inafaa kupiga hesabu ya kupanda ili kulala kuangukie kipupwe, masika yakishapita, au kiangazi cha Januari na Februari. Mawingu yakitanda na nusu tu imelala, ng'oa, ukaushie ndani.

Na kulala si kukauka. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo vitandaze safu moja juu ya uchanja, chini ya paa la makuti, na majani yake, wiki mbili au zaidi. Shingo ikikauka ikabana, na ganda likichakarika mkononi, kata majani ukiacha sentimita 2 au 3, kisha tia kwenye pakacha au mfuko wa wavu. Mfuko wa nailoni huvitoa jasho.

Vyenye shingo nene visivyolala, mara nyingi kwa mbolea ya yurea iliyotiwa kwa kuchelewa, pamoja na vilivyotoa bua la ua, havihifadhiki. Viweke kando, vitangulie kupikwa.