Mwezi hauchori vitanzi angani

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu mwendo wa Mwezi huja na mchoro uleule kichwani: Dunia inalizunguka Jua, na Mwezi unajiviringisha kandokando ya njia ya Dunia, kitanzi baada ya kitanzi. Mchoro huo umo hata katika baadhi ya vitabu vya shule. Unapendeza, lakini haukuchorwa kwa vipimo, na ndiyo maana unapotosha. Anayeifuata njia ya Mwezi kwa kulichukua Jua kama kituo cha kupimia hataona kitanzi hata kimoja, wala hataukuta Mwezi ukirudi nyuma.

Tazama kasi zenyewe. Dunia hulizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kila sekunde. Mwezi huizunguka Dunia kwa kilomita 1 hivi tu kila sekunde. Ili upatikane kitanzi, Mwezi ungehitaji kurudi nyuma upesi kuliko Dunia inavyosonga mbele, na kwa 1 dhidi ya 30 hilo haliwezekani. Kinachotokea ni kwamba mwendo wa Mwezi kulizunguka Jua hupanda hadi karibu 31 na kushuka hadi karibu 29. Ukiwa mpevu, Mwezi uko upande wa nje, mbali zaidi na Jua, na kasi zake mbili zinajumlishwa. Hapo unaipita Dunia. Wiki mbili baadaye uko upande wa ndani, kati yetu na Jua, kasi moja inatolewa kwenye nyingine, na Dunia inaupita. Ni wakimbiaji wawili wa njia moja wanaopokezana kutangulia, mmoja akipitia kulia kwa mwenzake na mara nyingine kushoto.

Jambo hili lina upande ninaoupenda sana. Mwezi unapobaki nusu kuelekea mwisho wake, ule unaokuwa juu angani alfajiri, huwa uko mbele yetu kwenye njia ya kulizunguka Jua. Ukiutazama wakati huo, unatazama upande ambao Dunia inaelekea, na Dunia yenyewe itafika pale ulipo baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi. Nusu ya kwanza, ya jioni, iko nyuma: ni mahali tulipotoka.

Vipimo navyo vinashangaza. Ukichora njia ya Dunia kama duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, Mwezi hautatoka nje ya mstari huo hata kwa milimita 3, kwa sababu kilomita 384,400 zinazotutenganisha nao ni sehemu ndogo sana ya kilomita milioni 150 hadi kwenye Jua. Njia zote mbili zitaonekana duara moja.

Tena njia ya Mwezi haibonyei kuelekea nje popote. Kila mahali imepinda kuelekea kwenye Jua, hata pale Mwezi unapokuwa katikati ya Dunia na Jua. Sababu ni hii: Jua linauvuta Mwezi kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ambayo Dunia inauvuta. Wanafunzi wengi hukataa kuamini hadi wafanye hesabu wenyewe, halafu swali linalofuata huwa moja: mbona basi Jua halijatunyang'anya Mwezi? Ni kwa kuwa linaivuta Dunia pia, karibu kwa kiasi kilekile. Vyote viwili vinaanguka kuelekea Jua kwa pamoja. Kinachoweza kuvitenganisha ni tofauti ndogo kati ya mivuto hiyo miwili, na tofauti hiyo haifiki hata asilimia 2 ya nguvu ambayo Dunia inaushikia Mwezi. Dunia ingeanza kushindwa kuushika kama ungekuwa umbali wa karibu kilomita milioni 1.5.

Na Dunia haikutulia katikati. Inayumba. Mwezi una tungamo la karibu sehemu moja ya 81 ya tungamo la Dunia, hivyo vyote viwili vinazunguka kitovu chao cha pamoja, kilichopo takriban kilomita 4,670 kutoka katikati ya Dunia. Hapo bado ni ndani ya Dunia, kiasi cha kilomita 1,700 chini ya ardhi, upande ule ambao Mwezi upo. Kwa hiyo kinacholizunguka Jua kwa mstari laini wa duaradufu ni kitovu hicho, Dunia na Mwezi vikikiyumbia pande zote mbili.

Mwendo wa Dunia ndio pia unaoeleza kwa nini mwezi wa kalenda ya mwandamo ni mrefu kuliko mzunguko wenyewe. Mwezi hurudi penye nyota zilezile baada ya siku 27.3. Lakini katika muda huo sisi tumeshasogea karibu nyuzi 27 kulizunguka Jua, na Mwezi unahitaji siku mbili na ushee zaidi ili ujipange tena na Jua. Ndipo zinapotimia siku 29.5.

Kuna video zinazosambaa mitandaoni zikionyesha Jua likichapuka angani na sayari zikiburutwa nyuma yake kama mkia. Nusu yake ni kweli. Jua linaizunguka galaksi yetu kwa kilomita 220 hadi 230 hivi kila sekunde, na mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka milioni 200. Ukipima kwa galaksi, njia ya Dunia kweli ni mzunguko ulionyooshwa mithili ya parafujo. Lililobuniwa ni huo mkia. Bapa la njia za sayari limeinama kwa nyuzi 60 hivi dhidi ya bapa la galaksi, kwa hiyo katika kila mwaka Dunia hutumia sehemu ya miezi ikiwa mbele ya Jua na sehemu ikiwa nyuma. Mvuto wa galaksi unalivuta Jua, Dunia na Mwezi karibu sawasawa, kwa hiyo hakuna kinachoachwa nyuma na hakuna kinachoburutwa.